Mahali na Mahari

Mpaka leo nikipewa karatasi ya kujaza, na juu ya mstari mmojawapo pameandikwa neno "Mahali", nasikia damu inanipanda. Watoto wangu wanadhani nina ugomvi na mabenki. Sina. Ugomvi wangu ni na neno hilo, na kijana mmoja aliyerudi kutoka Ulaya na mpango wa kompyuta, na shangazi yangu, Mungu amrehemu, ambaye alikuwa mbishi kuliko wote wawili.

Nilikuwa karani katika duka la jumla la vitambaa, mjini Kigali. Mwenye duka tulimwita tajiri, mbele yake na hata akiwa hayupo. Alizaliwa Bujumbura, babu yake alitoka pwani na mizigo ya nguo, na dukani kwake kila kitu kilikwenda kwa Kiswahili: risiti, mahesabu, salamu na matusi. Mbali na duka kuu alikuwa na matawi mawili, moja Nyabugogo karibu na mabasi, na jingine Kabuga kwenye barabara ya mashariki. Tawi la Kabuga lilikuwa la shangazi yangu. Nasema lilikuwa lake kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe. Kwa kweli alikuwa muuzaji wa mshahara kama mimi. Lakini tangu mumewe afariki alikuwa akiuza vitambaa mbele na kulala chumba cha nyuma, na hakuwa na pengine pa kwenda. Sisi wenyewe, nyumbani kwetu mtaa wa Biryogo, tulikuwa tumebanana hata mgeni wa usiku mmoja alitusumbua.

Huo ulikuwa mwaka baada ya vita kuanza kule kaskazini. Mpaka wa Uganda ulifungwa, mizigo ya tajiri ikawa inazunguka kwa njia ya Tanzania, na ikifika imechelewa na imepungua. Vitambaa havikutosha maduka matatu. Tajiri akatangaza kwamba tawi moja litafungwa, ama Nyabugogo ama Kabuga, na kwamba atalifikiria. Tuliomfahamu tulijua maana yake. Tajiri alikuwa akiamua mambo kufuatana na mtu wa mwisho aliyekunywa naye chai, kwa hiyo kila mwenye ndugu tawini akaanza kutafuta sababu za kunywa chai na tajiri. Mimi nilikuwa karani tu, sikualikwa chai.

Hapo ndipo mwanawe aliporudi kutoka masomoni. Tulimwita bosi mdogo. Alikuja na shahada, viatu vya kung'aa, na mpango wa kununua kompyuta. Baba yake alitaka lori. Waligombana siku nyingi nyuma ya ukuta wa mbao, sisi huku tukipima vitambaa polepole ili tusikie, na mwishowe kompyuta ikashinda. Ilipofika iliwekwa katika chumba pekee chenye feni, na mama yake akaja mwenyewe kuifunika kitambaa cha lasi, kama wanavyofunika redio.

Bosi mdogo alitukusanya akatueleza. Alisema kila mteja anapoingia dukani anatuachia habari bila kujua: yeye ni nani, anafanya kazi gani, ametoka wapi, amechagua nini. Sisi tunaziacha zipotee. Tungeziandika, tungezipanga, zingetuambia wapi pa kupeleka vitenge na wapi pa kupeleka suti, na zingetuambia tawi gani lifungwe, bila machozi wala upendeleo. Wenzangu walisikiliza wakisinzia. Mimi nilimwamini kabisa. Nilikuwa nimechoshwa na chai za tajiri, na nilidhani kama kuna kitu kitakachomtetea shangazi, ni habari zilizopangwa vizuri. Mtu mwenye wateja, nilijiambia, ataonekana ana wateja.

Basi zikachapishwa kadi za manila ya kijani, ambazo kwa mdomo wa Kigali tuliziita fishi. Kila fishi ilikuwa na mistari minne: Jina, Kazi, Mahali, Alichonunua. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyeulizwa kama maneno hayo yanafaa. Muuzaji alitakiwa amuulize mteja, aandike, na mwisho wa mwezi dereva azikusanye aniletee mimi. Kazi yangu ilikuwa kuziingiza kwenye mashine. Bosi mdogo alinipa sharti moja, akalirudia mpaka nikakereka: niingize kila neno kama lilivyoandikwa, nisiongeze wala kupunguza.

Sasa ni lazima niseme jambo ambalo kila Mnyarwanda analijua na kila Mtanzania analicheka. Kwetu l na r ni mapacha, na watu wengi hawajali ni yupi aliyeitika. Mtu ataomba karamu ya kuandikia, na akialikwa harusini atakwambia anakwenda kwenye kalamu. Hakuna anayepotea, kwa sababu unamwona mtu ameshika karatasi au amevaa nguo za sherehe, unajua anataka nini. Lakini fishi haina uso wala nguo. Hilo bosi mdogo hakulijua, na mimi niliyelijua sikulifikiria, kwa sababu nilikuwa nimelisikia tangu nizaliwe.

Bahasha ya kwanza ya Kabuga ilipofika niliifungua kabla ya nyingine zote. Mwandiko wa shangazi ulikuwa mkubwa na umelala kushoto. Fishi ya kwanza ilikuwa ya mkulima. Mahali: ng'ombe na majembe. Nikadhani amechanganya mistari. Ya pili ilikuwa ya mke wa mshonaji. Mahali: msahafu, kitanda na godoro. Ya tatu, mahali: cherehani. Ya nne, mahali: bado. Nikaendelea. Kuna aliyejibu kwamba baba mkwe anamalizia. Kuna aliyejibu kwamba mwanamume alimtorosha, hakutoa hata kuku. Kuna mmoja ambaye shangazi alimwandikia: haimhusu mtu.

Alikuwa amesoma "mahali" akatamka "mahari", na akishatamka mahari, mwanamke wa Kiislamu aliyekaa na waozaji na waolewaji maisha yake yote ataulizia nini kingine? Alikuwa amewauliza wanawake wa Kabuga, mmoja baada ya mwingine, walitolewa mahari gani. Na wao wakajibu, Waislamu kwa misahafu na vitanda, Wakristo kwa ng'ombe. Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikakumbuka kwamba bahasha ile ndiyo iliyotakiwa kumwachia chumba chake cha kulala, na kicheko kikaniishia.

Bosi mdogo alizisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Hakucheka. Alisema ama mama huyu hajui kusoma, ama anamdhihaki, na kwa vyovyote vile tawi lisilojua wateja wake wanatoka wapi halina la kujitetea nalo. Huenda wote wangeweza kununua Nyabugogo, alisema. Nikamweleza kwamba kutoka Kabuga hadi Nyabugogo si mwendo wa mtu mwenye akili zake, kwa ajili ya kitenge ambacho Nyabugogo kwenyewe hakipo. Akasema mimi nasema, lakini fishi hazisemi. Kama bahasha ijayo itakuja bila mahali, Kabuga litafungwa.

Jumapili nikaenda Kabuga, nimejaa hasira na maneno. Shangazi alikuwa amekaa juu ya kigoda nyuma ya meza ya kupimia, wanawake wawili wamekaa kwenye marobota, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinunua. Hiyo ilikuwa kawaida. Shangazi aliuza vizuri siku alizojisikia, na siku nyingine alizungumza tu, na sikuwahi kuelewa anawezaje kumwacha mteja aende na hela yake mfukoni kwa sababu hadithi ilikuwa bado haijaisha. Nilisubiri waondoke. Nikamwonyesha fishi, nikamwambia neno ni mahali. Pahali. Anapokaa mtu.

"Ndiyo hiyo niliandika. Mahari," alisema. "Unanifundisha mahari, mimi niliyeorewa mama yako hajazariwa?"

Nikavuta pumzi. Nikachukua kipande cha boksi nikamwandikia kwa herufi kubwa: UNAKAA WAPI. Neno lisilo na l wala r, nilikuwa nimelifikiria njia nzima. Nikamwambia asahau lililochapwa, aulize hivyo tu. Alikitazama kile kipande, akakigeuza chini juu ili maandishi yasionekane, akakikalia.

Nikamuuliza kama anataka kufukuzwa. Nikamwambia yote, tajiri, bosi mdogo, bahasha ijayo, chumba cha nyuma. Nadhani nilipaza sauti. Yeye alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilikuwa kimekunjwa tayari.

"Wa kwanza nirikosea kweri," alisema. "Nikaona anacheka, anakaa. Wa piri nikamuuliza anakaa wapi. Akaweka kitenge chini, akaenda. Saa hii mtu ya kuuliza unakaa wapi si mtu ya kuuza nguo. Wewe mtoto, hiyo unaijua."

Niliijua. Mwaka ule watu walikuwa wamechukuliwa majumbani mwao, na kabla ya kuchukuliwa kuna mahali fulani walikuwa wameandikwa. Jirani yetu mmoja alikuwa amerudi baada ya miezi, amekonda, na hakusema alikokuwa. Njiani kuja Kabuga asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimeteremka kwenye kizuizi cha askari barabarani nikaonyesha kitambulisho kama wengine, nikiangalia chini. Lakini mambo hayo niliyaacha nyumbani kila nilipokwenda kazini, kana kwamba duka la vitambaa lilikuwa nchi nyingine yenye amani, ambako kuandikwa ni jambo la maendeleo. Kwa tuliyoyaona baadaye, sehemu hii huwa siisimulii kwa kucheka.

Hata hivyo siku ile sikukubali. Mimi nami ni mpwa wake, ubishi nimerithi. Nikamwambia tatizo ni namna anavyouliza, nikakaa mimi mwenyewe kwenye kigoda. Akaingia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, akachagua kitenge cha maua, tukaelewana vizuri. Nikatoa fishi. Jina akanipa. Kazi akanipa. Nikatabasamu, nikamuuliza anakaa wapi. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza kuhusu habari na jinsi zitakavyotusaidia kumletea vitambaa anavyovipenda karibu na kwake. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kurudi nyuma, mpaka muuza sabuni wa mlango wa pili akachungulia. Yule mama aliniomba nifute jina lake. Nikafuta. Akasema hapana, nimpe karatasi yote. Nikampa, akaondoka nayo, kitenge akakiacha.

  Shangazi aliinuka, akanisukuma taratibu kutoka kwenye kigoda chake, akakaa.

"Andika Kabuga," akasema. "Wote. Si wamesimama hapa?"

Nilimwambia hiyo si habari, ni upuuzi, kwamba kila fishi ikiandikwa Kabuga bosi mdogo atajua anachezewa. Akasema hajamdanganya mtu, mteja akiwa dukani yuko Kabuga, kama bosi anataka kujua anakwenda wapi baadaye amfuate mwenyewe. Nikaondoka bila kula chakula chake. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia bosi mdogo, nikamkasirikia hata huyo mwenye mashine ya kuchapa aliyeshindwa kuchapa neno lingine. Mtu yuko ukingoni, unamnyooshea mkono, naye anakaa kubishana nawe kuhusu mkono.

Basi bahasha zilizofuata za Kabuga zilikuja zote hivyo. Kabuga, Kabuga, Kabuga, mwandiko mkubwa umelala kushoto. Wenye kutoka Ndera walikuwa Kabuga, wenye kutoka mashambani mbali huko mashariki walikuwa Kabuga. Bosi mdogo alizipitia haraka, akaona kwenye mstari wa Mahali pana mahali, akaridhika. Mimi nikaziingiza nikisubiri siku ya kufungiwa.

Fishi za mjini na za Nyabugogo zilikuwa na balaa lake. Huko wauzaji waliogopa bosi kuliko walivyoona haya, wakauliza, na wateja wakajibu wanavyojibu, wengine kweli, wengine uongo. Lakini kila muuzaji aliandika kwa sikio lake. Mtaa mmoja niliuingiza ukiwa Nyamirambo, na Nyamilambo, na Nyamirambu. Remera ilikuja ikiwa Remera, Lemera, Remela, na mtu mmoja alifaulu kuandika Lemela. Biryogo kwetu kulikuwa na Bilyogo, na nyingine yenye herufi ambazo sijui zilitoka wapi. Nilikwenda kwa bosi mdogo nikamwomba ruhusa niziunganishe, kwa sababu mashine haijui kwamba Lemera na Remera ni kilima kimoja. Alikataa. Alisema kila karani akianza kuingiza akili zake, tutakuwa tunapima akili za makarani, si wateja. Kama ilivyoandikwa, akasema. Aliongeza kwamba nina mkono mwepesi na nisiuharibu kwa kufikiri sana. Nadhani alikuwa ananisifu.

Siku ya kutoa majibu tuliitwa ofisini kwa tajiri. Printa ilipiga kelele muda mrefu, ikatema karatasi ndefu zenye matundu pembeni. Bosi mdogo akaziweka mbele ya baba yake. Mahali pa kwanza, mbele ya pengine pote na kwa umbali mkubwa, palikuwa Kabuga. Chini yake Gikondo, mtaa wa mjini. Halafu mlolongo wa vijisehemu, Nyamilambo kidogo, Nyamirambu kidogo, Lemera kidogo. Bosi mdogo alisoma mara mbili. Tajiri alivaa miwani, akaivua, akasema yeye siku zote alijua kwamba barabara ya mashariki ina watu.

Nyabugogo ikafungwa. Muuzaji wake alikuwa shemeji ya tajiri, akahamia duka kuu na kiti chake na birika lake la chai, hakupungukiwa na kitu. Mimi nilitoka ofisini nikiwa na furaha ambayo sikuielewa. Niliielewa nilipofika mezani kwangu. Kabuga halina l wala r. Kati ya majina yaliyojaa kwenye fishi, ni hilo na Gikondo tu ambayo Mnyarwanda hawezi kuyaharibu hata akijaribu, na juu ya hapo shangazi alikuwa amewatumbukiza humo watu wa nusu ya mkoa. Nikachukua penseli, nikaunganisha mitaa yote iliyogawanyika, na Kabuga likashuka likapita chini ya Nyamirambo, chini ya Remera, chini hata ya Biryogo. Nikaikunja karatasi yangu nikaiweka ndani ya mkoba. Shangazi alikuwa na chumba chake. Mengine hayakunihusu.

Haikupita wiki mbili bosi mdogo akaniita tena, anatabasamu, akaniambia nikae. Alikuwa na mpango. Tawi la kwanza haliwezi kuendelea kuwa kibanda. Ukuta wa nyuma utavunjwa, chumba kile kitakuwa stoo ya marobota. Na tawi la kwanza linahitaji mtu anayejua fishi na mashine, si mama mzee wa kuuliza watu mahari. Mama atapumzika, atapewa shukrani na doti kadhaa za vitenge vizuri. Mkuu wa tawi nitakuwa mimi. Aliyasema hayo kama mtu anayekupa zawadi na anasubiri uifungue mbele yake.

Nilimtazama. Nilikuwa nimechoka naye, nimechoka na lasi juu ya ile mashine, nimechoka na kila mtu aliyewahi kunieleza kwamba habari hazina upendeleo. Nikafungua mkoba nikatoa karatasi yangu ya penseli nikaiweka mbele yake.

"Kabuga si la kwanza," nilisema. "Ni la kwanza kwa sababu halina l wala r."

Hakuwa mjinga, hilo nampa. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, Lemera na Remera, Nyamilambo na Nyamirambo, na nikaona shingo yake inabadilika rangi. Nilidhani atanifokea. Badala yake aliinuka akafunga mlango, akarudi, akaniuliza nani mwingine ameiona. Nikasema hakuna.

"Mzee asijue," alisema.

Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba zile karatasi zenye matundu zilikwisha kwenda Dar es Salaam. Wenye bidhaa kule walipoona duka la Kigali linalojua wateja wake kwa mashine, walikubali kuleta mzigo mkubwa kwa kuaminiana, na mzigo ulikuwa njiani tayari. Baba yake alikuwa ameacha kulizungumzia lori. Kila kitu kizuri kilichotokea dukani tangu vita vianze kilikuwa kimetokea kwa ajili ya ile karatasi, na karatasi ilikuwa si kweli. Mimi nilidhani ofisi inakusanya habari ili ijue. Kumbe inazikusanya ili iwe na kitu cha kuweka mezani, na kikishawekwa mezani kinafanya kazi yake, kiwe cha kweli kisiwe.

Nilikasirika kiasi kwamba nikatulia. Nikamwambia sawa, mzee hatajua. Lakini shangazi yangu habanduki, na ukuta wake hauguswi.  Alinitazama muda, kama mtu anayegundua kwamba kiti alichozoea kukikalia kina meno. Halafu akasema duka linaweza kupanuliwa kwa mbele, upande wa baraza. Nikasema linaweza. Akanirudishia karatasi ya penseli, akabadili mawazo, akaichukua tena akaichana. Nikarudi mezani kwangu kuingiza fishi kama zilivyoandikwa.

Jumapili nikaenda Kabuga. Dereva, ambaye hakuwahi kusikia neno akalinyamazia, alikuwa amenitangulia. Alikuwa amemwambia shangazi kwamba ukuta utavunjwa na kwamba anayekuja kushika duka ni mpwa wake mwenyewe. Habari za kwamba mambo yamebadilika hakuwa nazo.

Nilimkuta amekaa katikati ya duka juu ya godoro lake. Alikuwa amelikunja na kulifunga kamba, vyombo vyake vimepangwa ndani ya beseni, mtandio mzuri kichwani. Duka lilikuwa wazi lakini hauzi. Hakunisalimu. Aliniambia mimi, aliyekuwa akinileta dukani nikiwa mtoto nimeshika kanga yake, ndiye niliyekuja kumtoa, na kwamba hana la kusema, ila anaomba nimpishe mlangoni apite na vitu vyake, na asitafutiwe pa kurara, atapata mwenyewe.

Nikamwambia hakuna anayetoka. Nikamwambia afungue godoro, anabaki, chumba kinabaki, mimi nabaki mjini. Ilibidi niseme mara kadhaa. Alinitazama usoni akitafuta uongo, na nadhani hakuuona, kwa sababu mikono yake ikalegea juu ya kamba.

"Nani amenisemea?" aliuliza.

Nikasema hakuna aliyemsemea. Akafikiri.

"Basi hiyo mashine yao," alisema polepole, "imesema nini juu yangu?"

Nilikuwa nimekuja na hadithi nzima mdomoni. Nilitaka sana kumweleza mtu, mtu yeyote, kuhusu l na r, kuhusu kijana alivyofunga mlango, kuhusu nilivyomkamata. Nilitaka pia, nisifiche, ajue kwamba ubishi wake ulinitoa jasho na kwamba si yeye aliyeshinda. Lakini alikuwa ameinua uso, mtandio umemteleza nyuma, na alikuwa akisubiri jibu kama mtu ambaye kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia kazi yake ikoje.

"Imesema Kabuga ni la kwanza," nilimwambia.

 Akaniambia nirudie, lakini nisirudie pale. Nisimame mlangoni, niseme kwa sauti, ili muuza sabuni asikie.

Nikatoka barazani nikasema tena. Muuza sabuni akaacha kukata mche wake akanitazama, na nyuma yangu nikasikia shangazi ameanza kufungua kamba.